Picha zimejaa chenga ukipandisha ISO: shida iko wapi na unaitatua vipi

Malalamiko ni yaleyale kila wikendi, kuanzia wapiga picha wa kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) mpaka vijana wa konsati na wale wanaopeleka wageni mbugani: nimepandisha ISO, picha imejaa chenga, kamera yangu mbovu, ninunue ipi? Na jibu analopewa mtu haraka haraka ni nunua ful-fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga). Mimi nasema subiri kwanza ndugu yangu. Kabla hujaiuza kamera yako mjini kwa bei ya hasara pita kwenye dalili hizi, tafuta ya kwako, anza na vipimo vya bure, maana nyingi kati ya hizi hazihitaji hata shilingi.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla ya yote. Noizi, yaani hizo chenga, hailetwi na namba ya ISO, inaletwa na mwanga kuwa kidogo kwenye sensa. ISO haiongezi mwanga hata chembe, inakuza tu kile ambacho sensa imeshakusanya. Ni kama msemaji wa kwanjula akisimama mbali na maiki, fundi wa spika anapandisha volyumu, sauti inasikika ndiyo, ila makelele ya watoto na sahani yanapanda pamoja nayo, dawa ni kumsogezea maiki. Mwanga unafika kwenye sensa kwa vipande vidogo vinavyoitwa fotoni na havifiki kwa mpangilio, vinafika ovyo ovyo, kwa hiyo pikseli iliyopokea fotoni 100 inayumba kwa kama 10 hivi, hiyo ni asilimia 10 na jicho linaiona. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 inayumba kwa kama 100, asilimia 1, huioni. Ndo maana chenga zinakaa kwenye weusi wa picha, na ndo maana karibu kila suluhisho huko chini litarudi palepale, ongeza mwanga.

Chenga picha nzima, na ISO yenyewe haikuwa kubwa

Hii inaongoza. Mtu anakuonyesha picha ya ISO 800 ina chenga kama ya 6400 na anaapa kamera imekufa.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndo hiyohiyo: picha ilipigwa giza alafu ikafunguliwa kwenye kuediti. Watu wanaogopa ISO kubwa, wameambiwa usipite 800, basi anapiga 800 kwenye ukumbi wenye giza, anafika nyumbani anavuta slaida ya eksposha (mwangaza) stopu tatu juu, na kila stopu ni mwanga maradufu. Stopu tatu juu ya 800 ni 6400. Amepata noizi ya 6400 ileile, na kwenye kamera za zamani anapata mbaya zaidi kwa sababu elektroniki zake zenyewe zinaongeza uchafu kwenye vivuli, Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 kwa mfano ni kamera nzuri sana mpaka leo ila ukiinua vivuli vyake unaona michirizi kabisa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza: fungua hiyo picha kwenye programu, angalia eksposha na vivuli umevivuta kiasi gani. Ikizidi stopu moja na nusu umeshapata mwizi wako. ISO 3200 iliyopigwa na mwanga sahihi inaishinda ISO 800 iliyopigwa giza, jaribuni wenyewe, chumba kimoja, taa moja.

Sasa kwa nini inapigwa giza hata kwa mtu aliyeacha kamera ijipimie yenyewe? Kwetu hapa Uganda tazama nguo. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha katikati. Kwenye kwanjula umepanga wazee kumi wamevaa kanzu nyeupe wanajaza fremu, kamera inaona weupe mwingi inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinatoka za kijivu na sura za wazee zinazama gizani, na ukienda kuziokoa kwenye kompyuta unainua mahali palipopata mwanga kidogo kuliko pote. Gauni la bibi harusi ni hivyohivyo. Na kukaa ndani ya tenti huku nyuma kuna uwanja wenye jua la saa nane mchana ndo kabisa.

Dawa: kile kibatani cha jumlisha na toa, kipandishe mpaka +1, kwa kanzu nyingi hata +1.7. Au weka manyuo (unaseti kila kitu mwenyewe), piga picha moja ya majaribio, zumu kwenye uso wa mtu, uso ukikaa sawa acha setingi hapohapo. Angalia histogramu (ule mchoro wa mwanga, giza kushoto na weupe kulia), isirundikane upande wa kushoto. Lakini usichome kanzu yote mpaka ule urembo wa damu ya mzee pale shingoni uwe umezungukwa na weupe mtupu usio na nyuzi, kamera nyingi zina onyo la kupepesa sehemu zilizoungua, liwashe. Ngozi zetu nyingi ni nyeusi, zinarudisha mwanga kidogo kuliko kanzu, kwa hiyo usipopima kwa ajili ya uso noizi yote itakwenda kukaa usoni. Hili kwangu ni suala la heshima kwa mtu unayempiga.

Sababu ya pili, lenzi. Ile lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, ukiivuta mpaka 55 apacha yake (tundu la kupitisha mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa) inaishia f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa kila kampuni ni kati ya zile za bei nafuu kabisa, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Hesabu yake iko hivi, uko ukumbini saa moja jioni unapiga ISO 12,800 kwa f/5.6 na shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/125, ukivaa f/1.8 na shata ileile unashuka mpaka karibu ISO 1250. Hakuna programu ya kuondoa noizi itakupa hiyo. Kuhama APS-C (sensa ndogo ya kamera nyingi za kawaida) kwenda ful-fremu kunakupa eneo la sensa kama mara 2.3 hivi, ni zaidi ya stopu moja kidogo. Stopu moja kwa mamilioni, au stopu tatu kwa lenzi ndogo, chagua.

Alafu kuna hizi zinazosahaulika: filta. Mtu alipiga video mchana na filta ya kupunguza mwanga, jioni bado iko mbele ya lenzi. Au polaraiza, ile inakula stopu moja mpaka mbili. Ifungue. Angalia pia setingi za kufungua vivuli zenyewe, Nikon inaitwa Active D-Lighting, Canon ni Auto Lighting Optimizer, zikiwa juu sana zinainua vivuli vya JPEG na chenga zake, izime ulinganishe. Na kukata picha: ukikata ukabaki na nusu ya upana na nusu ya urefu umebaki na robo ya mwanga wote uliokusanya, faili la megapikseli 24 limekuwa 6, chenga lazima zionekane kubwa. Sogea karibu kwa miguu.

Ukishapita yote hayo na bado ISO 100 mchana kweupe ina chenga, fanya kipimo cha kifuniko: funika lenzi, weka RAW (faili ghafi la kamera), piga moja kwa ISO 100 shata 1/125, fungua kwenye kompyuta bila kuongeza chochote. Inatakiwa iwe nyeusi tii. Ikiwa na ukungu, mabaka au mistari bila wewe kuinua kitu, acha hapo. Hiyo ni sensa au bodi, ni kazi ya fundi, setingi haitasaidia.

Madoa ya rangi, zambarau na kijani, kwenye nywele na suti nyeusi

Hizi ni chenga za rangi na kusema ukweli ndo zinaharibu picha kuliko zile za kijivu, maana chenga za kijivu jicho linazisamehe ila uso wenye madoa ya zambarau hausameheki.

Sababu kubwa ni aina ya taa. Balbu ya njano, ile ya zamani ya waya, ina mwanga wa bluu kidogo sana ndani yake. Kamera ikijaribu kurudisha weupe inabidi ikuze chaneli ya bluu kwa nguvu (picha ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu), na chaneli hiyo ilikuwa na njaa tangu mwanzo. Kwa hiyo kama ukumbi umewashwa njano, usiulazimishe uwe mweupe kama ofisini, acha joto kidogo la njano libaki, linapendeza na noizi inapungua. Kwenye konsati taa za jukwaani za bluu tupu au nyekundu tupu zinakupa chaneli moja tu yenye picha, mbili nyingine giza, subiri taa nyeupe ipite ndo upige, watu wa taa wana mzunguko wao, ukiuangalia dakika chache unaujua.

Tenti nayo. Tenti nyeupe ni zawadi, inasambaza mwanga vizuri na unaweza kuipigia flashi juu ikarudi laini. Tenti ya njano au ya kijani inapaka kila uso, na ukipambana kuondoa ile rangi unainua chaneli dhaifu tena. Ukipewa nafasi ya kuongea na familia mapema, omba tenti nyeupe, usione aibu, mwambie mama mwenye shughuli picha za binti yake zitatoka vizuri atakuelewa.

Kwenye kuediti hii ndo noizi rahisi kuondoa. Lightroom, ile programu ya kuediti, ukifungua RAW slaida ya kala (rangi) inaanza yenyewe kwenye 25, ipandishe pole pole mpaka madoa yapotee, 40 au 50, mara nyingi huhitaji zaidi, ukizidisha rangi za midomo na kitenge zinaanza kumwagika nje ya mipaka yake. Asiye na hela ya Lightroom kuna darktable na RawTherapee, za bure kabisa. darktable ina moduli ya kuondoa noizi inayojua kamera yako kwa jina na ISO uliyopigia, inaanzia mahali pazuri bila wewe kubahatisha. Wenye Canon wana Digital Photo Professional na wenye Nikon wana NX Studio, nazo bure.

Ila ukiwa umepiga JPEG tupu nafasi yako ni ndogo. JPEG ni biti 8 na kamera imeshaamua kila kitu, RAW ni biti 12 au 14. Kwa kazi ya usiku piga RAW, na kama memori inakusumbua piga zote mbili kwa zile picha muhimu.

Chenga hazipo ila sura zimekuwa plastiki

Hii dalili inakuja kwa wale waliokwisha "kutatua" noizi. Nywele zilizosukwa vizuri Jumamosi asubuhi nzima zimekuwa kofia, ndevu za mzee zimefutika, ngozi kama mdoli.

Anza na kamera. Kuna setingi ya kupunguza noizi ya ISO kubwa kwenye menyu, kwa kamera nyingi inagusa JPEG peke yake. Iweke chini au izime, ukiwa unapiga RAW haikusaidii kitu. Simu nazo zinafanya hivyo zenyewe, sensa yake ndogo mno kwa hiyo inasugua kila kitu, na ukizumu kwa vidole ndo inabuni kabisa. Kwa simu: futa lenzi kwanza na kitambaa safi, usizumu, tumia modi ya usiku ukiwa umeegemeza simu mahali, maana ile modi inapiga fremu kadhaa na kuziunganisha.

Sababu ya pili ni slaida ya luminansi (ya chenga za kijivu) imevutwa mpaka 60, 70, na alafu mtu anaona picha imekuwa laini anavuta shapnesi mpaka 100, sasa anachonoa ni mabaki ya chenga. Mimi napenda luminansi ibaki kati ya 15 na 30 kwa picha nyingi za ukumbini, nikiona chenga kidogo naziacha. Shapnesi ina maski yake, shikilia kitufe cha Alt huku unaivuta uone inanoa wapi, inatakiwa kunoa macho, nywele na kingo, mashavu na ukuta visiguswe.

Tatu, hizi programu za akili bandia. Lightroom iliweka yake Aprili 2023, DxO wana DeepPRIME, Topaz wana zao, na zinafanya kazi kweli, ISO 6400 inakuwa kama 800. Ile ya Lightroom Classic inafanya kazi kwenye mashine yako yenyewe kwa hiyo haili bando, ila kwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki nzuri picha moja inaweza kukaa dakika kadhaa, harusi ya picha 600 sahau. Ichague kwa zile za albamu tu. Na usiiache kwenye 100, shusha mpaka 40 au 50. Picha iliyokosa maelezo kabisa inayaotea, inaweka kope ambazo hazikuwepo, inabadilisha meno. Kwa picha ya mtu hapo ndo pa kusimama: ikianza kubadilisha sura, rudisha chini, bora mteja apate picha yenye chenga inayofanana na bibi yake.

Alafu kabla hujasugua kitu chochote, jiulize picha inakwenda wapi. Unaiangalia kwenye skrini kwa asilimia 100, pua moja inajaza skrini, hakuna atakayeiona hivyo. Chapisha moja ndogo kwanza, sentimita 20 kwa 30 hivi. Chenga nyingi za ISO 3200 karatasi inazimeza.

Mistari inapita kwenye picha

Hapa lazima utofautishe kwa sababu mistari iko ya aina mbili tatu na dawa hazifanani.

Mistari mipana, giza na mwanga, inayohama mahali kutoka picha moja mpaka nyingine: hiyo hata sio noizi, ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, taa za tyubu na LED nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata inaona, hasa ukiwa umewasha shata ya kimya ya elektroniki kanisani. Kipimo ni dakika moja: rudi kwenye shata ya kimakanika, weka 1/100 au 1/50. Mistari ikipotea umemaliza. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina setingi ya kuzuia kupepesa, Canon waliianza na 7D Mark II mwaka 2014. Umeme ukikatika na jenereta ikachukua kazi, hezi inaweza kuyumba kidogo, kwa hiyo jaribu tena, usiamini setingi ya kabla ya giza. Zile skrini kubwa za LED nyuma ya jukwaa nazo zina mpepeso wake, hapo unabadilisha spidi ya shata kidogo kidogo mpaka itulie.

Michirizi myembamba kama nyuzi za kitambaa, ipo kwenye vivuli tu, inatokea ukivuta sana: hiyo ni ya elektroniki za kamera, tumeisema juu. Dawa ni kupiga na mwanga wa kutosha tangu mwanzo, na kuepuka zile ISO za ziada zilizoandikwa H1, H2, zile hazina kitu ndani, ni ukuzaji wa hesabu tu.

Mstari mmoja mwembamba, rangi kali, uko palepale kila picha, ISO yoyote: simama. Huo ni safu ya pikseli iliyokufa, na sababu mojawapo inayokuja sana siku hizi ni leza za kwenye konsati na klabu. Mwale wa leza ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuunguza sensa kwa mara moja tu, na haiponi. Kwenye shoo yenye leza usielekeze kamera kule mwale unakotokea, na ukiwa na mirrorless (kamera isiyo na kioo ndani) usiiache imekaa wazi shingoni inaangalia jukwaa, vaa kifuniko. Ikishaungua ipeleke kwa fundi anayeaminika akuambie bei ya sensa, mara nyingi inakaribia bei ya kamera nyingine ya mkononi, amua mwenyewe.

Vidoti vyekundu, vyeupe au bluu, mahali palepale

Pikseli moto. Zinaonekana kwenye eksposha ndefu, mtu kapanda vilima vya Kampala, Kololo au Muyenga, usiku kupiga taa za mji sekunde 30, anaona nyota nyekundu katikati ya majengo.

Joto ndo sababu ya kwanza. Umeme wa ovyo ndani ya sensa unaongezeka karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo kamera iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari kutoka Karuma, au iliyopiga video saa nzima mfululizo, itatoa vidoti vingi. Izime, itoe kwenye jua, ipe nusu saa. Usiitie kwenye friji wala kupuliza AC moja kwa moja, unyevu utaganda ndani.

Bado vipo? Washa setingi ya kupunguza noizi ya eksposha ndefu. Kamera itapiga sekunde 30 alafu itakaa sekunde 30 nyingine inapiga giza tupu ili itoe vidoti kwa kulinganisha, wengi wanadhani imeganda wanachomoa betri, usichomoe, subiri. Na swali la msingi, kama uko kwenye tripodi na majengo hayatembei, ISO 6400 ya nini? ISO otomatiki imebaki wazi, izime, rudi 100, acha shata ikae. Kama huna tripodi kamera iweke ukutani, piga fremu 16 za palepale kisha ziunganishe kwa wastani kwenye programu, noizi inashuka mara 4. Wanaopiga nyota Kidepo wanafanya hivyohivyo, Sequator na Siril ni za bure na zinafuata nyota zikihama.

Kwa vidoti visivyoondoka: Sony, OM System na Nikon mpya za mirrorless zina kitu cha kupanga pikseli upya ndani ya menyu. Baadhi ya Canon zinafanya hiyo kazi ukiingia kwenye usafishaji wa sensa kwa mkono, ukaiacha kama dakika moja kifuniko kikiwa kimevaliwa, alafu ukazima. Betri iwe imejaa kabla hujagusa hilo, ikizima katikati shata inaweza kukwama. DSLR (zile zenye kioo ndani) za zamani za Nikon zinahitaji fundi mwenye programu yake.

Usichanganye na vumbi. Vumbi ni doa jeusi laini, linaonekana angani ukipiga f/16, kwa f/2.8 linapotea. Halihusiani na ISO. Na tafadhali, usipulize sensa kwa mdomo, usitumie ile hewa ya kopo, wala kona ya tisheti. Kipulizio cha mpira tu, kisipotosha mpe fundi, kusafishwa sensa ni bei ndogo kuliko kuikwaruza.

Bwindi: chenga na ukungu kwa pamoja

Msitu mzito, mvua imepita, flashi hairuhusiwi kabisa kwa sokwe wakubwa, yaani gorila, na una saa moja tu mbele yao. Hapa ISO kubwa ni lazima, iwekeni 3200 mpaka 6400 bila hofu, na shata isishuke chini ya 1/250 kwa sababu picha yenye chenga inasafishika, picha iliyotikisika haina dawa. Wengi wanashusha ISO kuogopa chenga wanapata 1/40, wanarudi Kampala na pesa yote ile ya kibali imezama kwenye ukungu.

Ila angalia, mita hapa inadanganyika kinyume cha kanzu. Manyoya meusi yakijaza fremu, kamera inadhani giza limezidi, inaongeza, ISO otomatiki inapaa bila sababu au shata inachelewa, na gorila anatoka wa kijivu. Shusha -0.7 hivi. Lakini akiwa mdogo kwenye fremu na nyuma yake kuna tundu la mbingu katikati ya majani, rudi sifuri au panda juu. Weka kikomo cha ISO otomatiki na spidi ya chini ya shata kabla hujaingia msituni, ndani ya saa moja hakuna muda wa kutafuta menyu. Piga mfululizo, fremu tatu nne, akitulia moja itakuwa kali. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ukiweza kuikodi ni bora kuliko ile ndefu ya f/6.3. Kibale kwa sokwemtu ni hayahaya ila wao wanakimbia zaidi, shata ipande.

Chenga kwenye pembe peke yake

Lenzi ikiwa wazi f/1.8 pembe zinakuwa giza kiasili, alafu programu inazirekebisha kwa kuzinyanyua, na noizi inanyanyuka nazo. Punguza hayo marekebisho au funga apacha mpaka f/2.5. Basi.

Video inachemka chenga

Kama umepiga log (profaili ya video iliyofifia, ya kupaka rangi baadaye), kila kamera ina ISO ya chini ambayo log inaanzia, na picha inatakiwa ipigwe na mwanga zaidi kidogo ya unavyodhani, stopu moja juu, kisha uishushe kwenye kuediti. Kamera nyingine zina ISO asilia mbili, Panasonic GH5S kwa profaili ya kawaida ni 400 na 2500, soma kitabu cha kamera yako. Kama hujui kupaka rangi achana na log usiku, piga profaili ya kawaida.

Kwangu iko safi, kwa mteja imeharibika

WhatsApp. Ukituma kama picha inabanwa, vile vipande vya mraba kwenye anga na kwenye vivuli ni mbano, sio noizi. Tuma kama dokumenti, au mpe linki, au flashi diski. Usirudi kusugua picha ambayo haina kosa.

Ukifika kwa fundi

Kuna hali ambazo hutakiwi kujaribu chochote nyumbani. Kamera iliyoingia maji, toa betri na usiiwashe hata kuangalia tu kama imepona. Betri iliyovimba, acha kuitumia leo. Kamera inayochoma mkono na kutoa chenga hata ISO 100. Harufu ya kuungua. Flashi ya nje usiifungue kabisa hata kama imezimwa wiki nzima, kapasita yake inabaki na volti mamia na inaweza kuua.

Unapoenda, usimwambie fundi "ina chenga" ukanyamaza, utalipia vitu usivyohitaji. Beba memori yenye RAW nne: kifuniko kimevaliwa ISO 100 shata 1/125, kifuniko ISO 6400, kifuniko sekunde 30, na moja ya ukuta mweupe mchana kwa f/8. Mwambie ilianza lini, baada ya shoo, baada ya mvua, baada ya kuanguka. Omba akuonyeshe tatizo kwenye skrini kabla hajafungua skrubu hata moja, na kama anataka kubadilisha sensa omba arudie picha hizohizo nne mbele yako kabla hujamlipa.